Kuomba Nafasi kwenye Tamasha la Maigizo ya Papo kwa Papo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya waigizaji wanaocheza bila skripti na sasa wanataka kuvuka ukumbi waliouzoea: kupanda jukwaa la ugenini, kufundisha warsha, au kuongoza onyesho zima. Majibu yanahusu zaidi matamasha ya Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa sababu huko ndiko utaratibu wa kutuma maombi umekomaa. Kila tamasha lina masharti yake. Soma tangazo lao kwanza, kisha urudi hapa.

Tamasha la namna hii likoje?

Ni siku chache, pengine wiki nzima, ambapo waigizaji hukutana katika mji mmoja kucheza michezo ambayo haijaandikwa popote. Mchana kuna warsha, jioni kuna maonyesho, na usiku mara nyingi kuna jukwaa huria ambapo hata aliyekuja kutazama anaweza kupanda. Mchezaji huomba neno, mahali au jambo fulani kutoka kwa watazamaji, na kisa kinaanzia hapo.

Chimbuko lake linafaa kujulikana, kwa sababu litakusaidia kuelewa fomu inakuuliza nini. Chicago, Viola Spolin alibuni michezo ya kufundishia maigizo, na mwanawe Paul Sills akaitumia na wenzake kuanzisha kundi la Compass mwaka 1955, kisha Second City mwaka 1959. Baadaye mwalimu Del Close aliendeleza hukohuko onyesho refu, ambalo neno moja la mtazamaji linazaa visa vinavyoachana na kukutana tena. Mwingereza Keith Johnstone alifundisha kwenye ukumbi wa Royal Court, London, halafu akahamia Calgary, Canada, na huko mwaka 1977 akaanzisha Theatresports, ambapo makundi mawili hushindana huku waamuzi wakitoa alama. Mwaka huohuo Montreal, Robert Gravel na Yvon Leduc walibuni mechi ya maigizo inayochezwa ndani ya uzio kama wa mpira wa magongo wa barafuni, tena na refa.

Tamasha linalotokana na Chicago litakuuliza habari za onyesho refu. Linalomfuata Johnstone litatafuta usimulizi wa kisa na uthubutu wa kushindwa mbele ya watu. Na kwa mwenzetu wa Lubumbashi, Bujumbura au Kigali anayejua Kifaransa, mechi ya Montreal ndiyo iliyoenea zaidi katika nchi zinazozungumza Kifaransa, kwa hiyo huenda mlango huo ukawa mwepesi kwake kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam.

Mimi nimekulia kwenye vichekesho na maigizo ya jamii. Hiyo inahesabika?

Inahesabika, na iandike bila kuona haya. Waswahili wengi wanaotuma maombi hufuta historia yao yote na kuandika tu kozi ya siku mbili waliyosoma kwa mgeni aliyepita Nairobi. Hapo wanajipunja wenyewe.

Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilikuwa likitengeneza michezo kwa Kiswahili bila skripti. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwepo walipounda mchezo kutokana na usemi kwamba madaraka huliwa mazima. Walianza kwa kujadiliana maana ya usemi wenyewe, wakagawana wahusika, wakafanya mazoezi, na maneno yakazaliwa midomoni mwao. Vichekesho vya Tanzania navyo vimeishi kwa njia hiyo miaka mingi: watu wanakubaliana kisa, kila mmoja anajaza maneno yake. Kisha kuna maigizo shirikishi yanayofuata njia ya Mbrazili Augusto Boal, ambapo mtazamaji anasimamisha mchezo, anapanda, na kuchukua nafasi ya mhusika ili ajaribu njia nyingine. Ukishamwigizia mama mkwe mwanakijiji aliyepanda ghafla na hasira za kweli, una ustadi ambao waandaaji wengi wangependa kuuona.

Ila sema ukweli wa unachofanya. Kucheza kisa mlichokubaliana ni jambo moja, na kuingia jukwaani bila kisa chochote ni jingine. Andika lipi umelifanya, kwa muda gani, na nani. Ukisema umezoea yote mawili kumbe ni moja, siku ya kwanza ya mazoezi itaonekana.

Kucheza, kufundisha na kuongoza vinatofautianaje kwenye fomu?

Mchezaji anaombwa aoneshe kazi. Mkufunzi anaombwa aeleze mwanafunzi atatoka na nini. Mwongozaji anaombwa wazo la onyesho ambalo watu wasiojuana wanaweza kulijifunza kwa saa chache na kulicheza jioni ileile mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Watu wengi hutia alama kwenye visanduku vyote vitatu, wakidhani wanaongeza nafasi yao. Mimi ningeshauri utie alama pale tu ulipo na cha kusema. Maombi yenye sehemu moja iliyoiva humvutia msomaji kuliko matatu yaliyojazwa juu juu.

Kuna na nafasi ya nne ambayo watu huisahau: mwanamuziki. Mpiga kinanda, gitaa au ngoma anayeweza kumfuata mwigizaji, akajua lini aingie na lini anyamaze, ni adimu kila mahali. Fundi wa taa anayeweza kuzima taa kwenye neno sahihi bila kuambiwa naye pia. Kama ndiyo kazi yako, waandikie waandaaji hata kama fomu haina sehemu yako.

Niombe peke yangu au na kundi langu?

Inategemea tamasha linapangwaje. Katika Amerika Kaskazini desturi kubwa ni kundi kuomba kama kundi. Mnapewa kama dakika 20 au 25 jukwaani, pengine mnagawana jioni moja na makundi mengine mawili, na mnajitegemea nauli na malazi. Tamasha la Chicago lilianza mwaka 1998 na likawa kielelezo kwa miji mingi. New York wakaanzisha mwaka 1999 tamasha la kumkumbuka Del Close ambalo maonyesho yalifuatana usiku na mchana.

Ulaya matamasha kadhaa yana utaratibu mwingine ninaoupenda zaidi kwa mtu anayetoka mbali. Mwenyeji anachagua wachezaji mmoja mmoja kutoka nchi mbalimbali, anawaunganisha wawe kundi moja la wiki hiyo, na kila siku mwongozaji tofauti anawafanyisha mazoezi ya onyesho jipya. Amsterdam wana tamasha la kimataifa tangu 1995, na Berlin kundi la Die Gorillas limekuwa likikaribisha wageni tangu 2001. Mengine ya namna hii hayana fomu ya wazi: watu hualikwa kwa kujulikana. Ndiyo maana kwenda mara ya kwanza kama mwanafunzi wa warsha, pale uwezo unaporuhusu, si kupoteza fedha. Unaonekana ukicheza, na mwaliko mara nyingi hutoka hapo.

Video iweje?

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuma onyesho ambalo halijakatwa. Waandaaji wanataka kuona kipande kizima, kuanzia mnapopokea neno la mtazamaji hadi mnapofika mwisho, na wengi wanasema hivyo waziwazi kwenye tangazo. Video iliyounganishwa vicheko vitupu inaonesha kwamba una mtu hodari wa kuhariri. Haioneshi kilichotokea kisa kilipokwama, nani alimwokoa nani, na nani alinyamaza ili mwenzake ang'are. Hayo ndiyo wanayotafuta. Mchezaji mwenye maneno matamu asiyemsikiliza mwenzake ni mzigo kwa mwongozaji atakayekuwa naye wiki nzima, na jambo hilo linaonekana ndani ya dakika mbili za mwanzo.

Hadhira iwepo. Video ya mazoezi chumbani haitoshi, kwa kuwa mchezo huu unaishi kwa pumzi ya watu waliokaa mbele. Lakini watu 30 katika ukumbi wa shule wanatosha kabisa; hakuna anayehesabu viti.

Simu moja ya kawaida kwenye kishikio, katikati ya ukumbi, ionekane miili yote ya wachezaji. Sauti ndiyo iangaliwe zaidi. Weka simu ya pili karibu na jukwaa irekodi sauti peke yake, halafu uziunganishe. Feni ya dari na jenereta huua video nzuri nyingi, basi kabla ya onyesho kaa kimya dakika moja usikilize ukumbi wako una kelele gani.

Chini ya kiungo andika wewe ni yupi ("mwenye shati la kijani, anaingia dakika ya 4"), onyesho lilifanyika lini, na watazamaji walitoa neno gani. Hakikisha kiungo kinafunguka bila nywila. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Onyesho letu ni la Kiswahili. Tutafsiri?

Msicheze Kiingereza kibovu ili kuwafurahisha waandaaji. Chezeni lugha mnayoiota, kisha wekeni maandishi ya tafsiri chini ya picha kwa kipande cha dakika tano au sita, na mwache iliyobaki ilivyo. Mwandaaji mzoefu anasoma miili, vituo na macho kabla ya maneno.

Hata hivyo, tamasha likisema lugha ya jukwaa ni Kiingereza au Kifaransa, lazima uoneshe kwamba unaweza kuishi ndani ya lugha hiyo jukwaani. Kipande kifupi cha pili kinatosha. Matamasha yanayochanganya nchi nyingi yana pia maonyesho ambayo kila mtu anacheza kwa lugha yake, au bila maneno kabisa. Ukiona nafasi hiyo kwenye fomu, iombe. Kiswahili kina kejeli, mafumbo na mipasho inayosikika hata kwa asiyekijua, na mtazamaji wa Ljubljana, Slovenia, atatambua kwamba mtu amesutwa hata kama hakuelewa neno moja.

Kwenye wasifu niandike nini?

Maneno 100 au 150, kwa nafsi ya tatu, bila sifa. Unacheza wapi, na nani, tangu lini, umefundisha akina nani, unazungumza lugha gani. Picha moja ya uso wako, inayoonekana vizuri, na moja ya jukwaani.

Nataka kufundisha. Pendekezo la warsha liandikweje?

Warsha za matamasha kwa kawaida ni za saa mbili au tatu, na washiriki kumi na wawili hadi kumi na sita. Muda huo unatosha kwa jambo moja. Pendekezo linaloahidi "kujiamini, ubunifu, uhusika na usimulizi" halijaahidi chochote.

Anza na unachokijua kuliko mwalimu wa Chicago au London. Tuseme umekulia pwani na unajua kujibizana kwa mashairi. Andika hivi: washiriki watajifunza kupokea kina cha mwisho cha mwenzao na kujibu kwa kina hichohicho, kwanza kwa maneno ya kawaida, kisha kwa ubeti, kisha ndani ya kisa cha majirani wawili wanaogombea mpaka; na mwishoni mwa saa tatu kila mmoja ataweza kumsikiliza mwenzake hadi silabi ya mwisho kabla ya kufungua kinywa. Hapo mwandaaji ameona zoezi la kwanza, la katikati na la mwisho, ameona faida, na ameona jambo ambalo hatalipata kwa mtu mwingine katika orodha yake.

Taja kiwango cha washiriki, ukubwa wa chumba, na kama wataguswa au watabebana. Taja pia umewahi kuifundisha warsha hiyo wapi. Kama hujawahi, ifundishe kwanza nyumbani. Wageni waliolipa wasiwe watu wako wa majaribio.

Kuhusu malipo: wakufunzi ndio hulipwa mara nyingi zaidi kuliko wachezaji, aidha kiasi kilichokubaliwa au mgao wa ada za washiriki. Uliza kabla ya kukubali, na upate jibu kwa maandishi. Si utovu wa adabu kuuliza.

Na kuongoza je?

Mwongozaji wa onyesho lisilo na skripti hapangi maneno wala kisa. Anaweka mpaka: nani anaingia lini, kisa kinasimuliwa kutoka upande gani, muziki unafanya nini, mwisho unatambulikaje. Basi pendekezo lako lieleze mpaka huo kwa ukurasa mmoja.

Mfano wa kufikiria nao, na unaweza kuuchukua kama unakufaa: wachezaji sita wamekaa barazani jioni. Mtazamaji anataja jina la mtu na kazi yake. Wa barazani wanaanza kumsema mtu huyo ambaye hayupo, kila mmoja na alichosikia. Kila uvumi unageuka kisa kinachoigizwa pale mbele, na wa barazani hawaruhusiwi kuusahihisha, wanaweza tu kuuongezea. Dakika kumi za mwisho mhusika mwenyewe anatokea, amkie, akae, na baraza zima libaki na kazi ya kuzungumza naye. Sheria ni tatu au nne tu, mgeni kutoka nchi yoyote anazielewa mchana na kucheza usiku, na kila jioni mchezo utakuwa mwingine.

Ongeza ratiba ya mazoezi: saa ngapi, utafanyisha nini kwanza, utafanya nini kama mchezaji mmoja ataugua. Swali hilo la mwisho huulizwa kwenye mahojiano ya video, na jibu lake linaonesha kama umewahi kuongoza kweli.

Kuna ada ya kuomba?

Marekani, mara nyingi ipo, na huwa haizidi makumi machache ya dola kwa kundi. Mengi hupokea maombi kupitia tovuti ya FilmFreeway, ambayo inahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Ulaya mara nyingi hakuna ada. Ukiona tamasha linakudai mamia ya dola ili "kuthibitisha nafasi", kaa mbali.

Andika kuomba msamaha wa ada kama huiwezi. Barua pepe ya mistari minne, ya kistaarabu, isiyo na kulialia.

Nani atalipa nauli?

Mara nyingi si tamasha. Baadhi hutoa malazi, chakula na tiketi za maonyesho, na mgeni anajitafutia ndege. Tafuta kwa mpangilio huu: uliza kwanza kama mwenyeji ana mfuko wa wageni, kisha nenda kituo cha utamaduni cha Ujerumani (Goethe-Institut), cha Ufaransa (Alliance Française) au cha Uingereza (British Council) cha mji wako ukiwa na barua ya mwaliko mkononi, maana bila barua hawana cha kuamua, kisha tazama tovuti ya On the Move, inayokusanya matangazo ya misaada ya safari za wasanii. Misaada mingi huamuliwa miezi mingi kabla ya safari. Ukialikwa Oktoba kwa tamasha la Januari, umeshachelewa kwa wafadhili wengi, na ni afadhali umwombe mwenyeji akuhamishie mwaka unaofuata kuliko kukopa.

Viza inaanzia wapi?

Kwenye barua ya mwaliko. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani ya ukumbi na ya malazi, utafanya nini, nani analipa nini, na sahihi ya mtu anayepokea simu.

Kwa nchi za Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Usingoje hadi mwisho, kwa kuwa kupata miadi yenyewe kunaweza kula wiki kadhaa. Uingereza, tangu 31 Januari 2024, viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kazi fupi ya kisanii yenye malipo kwa sharti la mwaliko, ifanyike ndani ya siku 30 za kwanza, na uitaje tangu unapoomba.

Marekani ni kugumu zaidi. Viza ya mgeni hairuhusu onyesho la kitaalamu mbele ya watazamaji wanaolipa, hata kama wewe hulipwi. Viza za wasanii zinahitaji mtu au taasisi ya kule iwasilishe maombi kwa niaba yako, na zina gharama. Muulize mwenyeji mapema kama ameshawahi kufanya hivyo. Akikwambia "njoo tu kama mtalii, hakuna atakayejua", mkatalie. Jina litakaloandikwa uwanja wa ndege ni lako.

Kuna kibali cha nyumbani?

Msanii wa Tanzania Bara anayekwenda kufanya onyesho nje ya nchi apitie kwanza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ajisajili na aombe kibali. Fanya hivyo wakati mmoja na viza; karatasi hizo zinasaidiana.

Nina mipaka ya dini au ya mwili. Nitaje?

Taja. Mchezo usio na skripti unaweza kukuweka ghafla kwenye kisa cha mapenzi, ulevi au kubebwa mabegani, na mwenzako hana njia ya kujua usichokitaka. Matamasha mengi siku hizi yana kanuni za mwenendo na mtu maalumu wa kupokea malalamiko. Mchezaji anayesema "siguswi na wanaume jukwaani" au "goti langu haliwezi kupiga magoti" hajajipunguzia nafasi. Mwongozaji mzuri anapanga kazi kwa kuujua mpaka huo. Mwongozaji anayekasirika amekupa habari muhimu juu yake mwenyewe.

Nimekataliwa. Nifanye nini?

Jibu kwa shukrani na uulize swali moja tu: ni kitu gani katika video kingesaidia zaidi? Wengine watajibu, wengine hawatajibu. Nafasi ni chache na mara nyingi sababu haihusu ubora: walishapata wachezaji watatu wa aina yako, au bajeti ya malazi iliisha. Omba tena mwaka unaofuata ukiwa na video mpya, kamwe usirudishe ileile.

Tumekubaliwa watu watano, wawili hawakupata viza. Tughairi?

Mwandikieni mwenyeji siku hiyohiyo. Watatu wanaweza kucheza onyesho refu vizuri kabisa, na mwenyeji mara nyingi atawatafutia wachezaji wawili wa mji ule wa kujaza. Ombeni saa mbili za mazoezi nao kabla ya kupanda, na wafundisheni namna yenu ya kuanza na kumaliza kisa. Kama waliokwama ndio pekee wanaojua lugha ya jukwaa, hapo ghairini, mapema, ili nafasi yenu ipate kundi lingine.